Mafuta ya Chungu na Mafuta ya Motokaa

Kuna maswali ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza hucheka, lakini akiisha kucheka huona kwamba hana jibu. Hili ni moja: Je, ni halali kumimina ndani ya motokaa mafuta ambayo yangeweza kupikia sombe? Vijana wa huku Nundu hulizungumza hasa siku zile mazutu inapokosekana kwenye barabara ya Uvira hata Baraka. Wengine wasema ni akili, wengine wasema ni dhambi. Hao wa pili wakiulizwa ni dhambi gani, hawajui kuitaja. Basi tujaribu kuipima habari hii taratibu, maana neno "dhambi" si la kutupwa ovyo kama ganda la ndizi.

Kwanza yafaa tujue kama jambo lenyewe lawezekana. Lawezekana. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia moto kama ile ya esansi. Huvuta hewa na kuikandamiza kwa nguvu hata ikawa na joto kali, kisha mafuta hunyunyizwa humo nayo huwaka yenyewe. Rudolf Diesel, mwenye kuivumbua, alieleza mwaka 1912 kwamba katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ndogo ya kampuni ya Otto iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Waliotaka jaribio lile ni Serikali ya Ufaransa, ambayo ilikuwa ikiyafikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilimea kwa wingi: kwa nini yasipate nguvu za mashine kutoka katika udongo wao? Kumbe wazo ambalo vijana wetu hulidhani ni jipya lilizaliwa kwa kutazama mashamba ya Afrika.

Tena kuna habari inayotugusa zaidi. Tarehe 31 Agosti 1937 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Brussels, G. Chavanne, alipata hati ya uvumbuzi kwa njia yake ya kuyageuza mafuta ya mchikichi kwa spiriti hata yakawa mepesi. Mwaka 1938 basi la abiria lilitembea kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain. Ubelgiji wakati ule ilitawala Kongo, nchi ya michikichi. Abiria wale walisafiri kwa nguvu ya mti uleule ambao mama zetu huchemsha tunda lake, wakalitwanga na kulikamua.

Kwa nini ilimpasa kuyafanya mepesi? Kwa sababu mafuta ya mimea ni mazito kuliko mazutu mara kumi au zaidi, na mawese huganda asubuhi ya baridi, kama ajuavyo kila aliyewahi kutikisa bidoni alfajiri. Akimimina hivyo hivyo, mtu ataiona injini ikivuma siku kadhaa, naye atajisifu sokoni. Baadaye masizi hugandamana penye vinyunyizio, mafuta ya kulainisha injini nayo huwa mazito kama uji, na fundi huitwa. Zipo njia mbili za kuepa hasara hiyo. Ya kwanza ni kuyapasha moto, yafike nyuzi 70 au 80, katika tangi la pili: injini huwashwa kwa mazutu, ikiisha kupata joto hupewa mafuta ya mimea, na kabla ya kuzimwa hurudishiwa mazutu ili mirija isafike. Ya pili ni ya dawa, yaani kuyachanganya na methanoli na soda kali. Gliserini hutuama chini, na mafuta mepesi hubaki juu. Kama ni mafuta yaliyokwisha kukaangia, kuna kazi ya kwanza kabla ya hizo: kuyaacha yatuame, kuyachuja makombo, na kuyaondoa maji yote, kwa maana maji huozesha chuma.

Hayo yatosha juu ya mashine. Tuje kwenye dhamiri.

Wale wasemao ni dhambi wana hoja yenye nguvu, hata kama hawajui kuitamka. Lita moja ya mafuta ina nguvu za chakula zipatazo kalori 8,000 na zaidi. Mtu mzima huhitaji kama 2,100 kwa siku. Bidoni ya lita 20, basi, ina nguvu za kumtosha mtu mmoja siku kama 78, ingawa hakuna awezaye kuishi kwa kunywa mafuta. Lori lenye mzigo laweza kuzimaliza lita hizo kabla ya kufika kilomita 100. Tena mawese mekundu hayana nguvu tu. Yana kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Mtu akiona hesabu hii, halafu akaona mtoto mwenye nywele za rangi ya kutu na tumbo lililovimba, hawezi kusema kwamba hakuna neno.

Mwaka 2007 Jean Ziegler, aliyekuwa akiwatumikia Umoja wa Mataifa katika habari za haki ya chakula, alisema kwamba kugeuza mazao ya chakula kuwa mafuta ya motokaa ni jinai juu ya wanadamu. Ni neno kali. Lakini mimi naona halikati sawasawa. Tuseme usiku mmoja mama amelazwa hospitali apasuliwe, na mashine ya umeme imekosa mazutu, na jikoni kuna bidoni ya mawese, na fundi ajua namna ya kuyatumia. Nani atakayethubutu kusema, "Hapana, hiki ni chakula"? Babu zetu waliwasha taa kwa mafuta ya mchikichi, wala hakuna aliyewahesabia kosa. Kwa hiyo kuchoma mafuta ya kula si uovu kwa tabia yake yenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu aweza kumiliki vitu, lakini katika kuvitumia yampasa kuvihesabu kama vya wote, awe tayari kumpa mwenye shida. Fundisho hilo halituulizi kama mafuta yameliwa au yamechomwa. Latuuliza ni nani mwenye shida, na kama amepata.

Historia ya mchikichi katika nchi yetu yaonyesha jambo hilohilo. Mwaka 1911 William Lever alipatana na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi, ili mafuta yake yawe sabuni. Sabuni ni kitu chema, hakuna atakayeilaumu. Lakini watu walisukumwa kwenda kukata matunda kwa ujira mdogo na kodi juu yake, na mwaka 1931 Wapende wa Kwango walipoasi, mamia waliuawa. Uovu haukuwa ndani ya sabuni.

Kuna waliosema, "Basi tupande mti usioliwa, mbono kaburi, tuchome mafuta yake, na dhamiri itatulia." Ilijaribiwa Tanzania. Kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 vya Kisarawe, karibu na Dar es Salaam. Kweli mbono hauliwi. Lakini ardhi hulisha, na msitu hutoa kuni, dawa na maji. Mwaka 2011 kazi ilikoma, watu wakaachishwa, na ardhi haikurudi kwa wanavijiji. Basi mtu aweza kuchoma kisicholiwa na bado akamnyima jirani yake chakula.

Zimebaki taka, na hapa ndipo penye fumbo lenyewe. Huko Ulaya na Marekani, mahoteli hukaanga viazi kwa mafuta mengi, na zamani yakichakaa mwenye hoteli alilipa watu wayaondoe. Ndipo wenye motokaa za dizeli wakaja na madebe yao wakiomba wapewe bure, wakachuja, wakapasha moto, wakaenda safari. Ni nani aliyedhulumiwa hapo? Sioni hata mmoja. Huo ni uangalifu mwema, wa kuokota vipande visipotee, kama walivyoagizwa Mitume baada ya watu kula mikate na kushiba. Angalieni lakini: waliokota baada ya watu kushiba.

Sasa taka hiyo ikapata bei. Mwaka 2009 nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka sheria kwamba mafuta ya motokaa yatokanayo na taka yahesabiwe mara mbili katika hesabu ya nchi. Nia ilikuwa njema, isichomwe mikate ya watu. Lakini imetokea baadaye kwamba mafuta machakavu yakauzwa ghali kuliko mafuta mapya ya mchikichi, na watu wakaanza kushuku kwamba wafanya biashara wengine wanayapaka mafuta mazima jina la uchakavu. Huko Marekani wezi huja usiku na kufyonza mapipa nyuma ya mahoteli. Tazameni ajabu hii: kitu kikiitwa chakula kina bei hii, kikiitwa takataka kina bei kubwa zaidi! Neno "taka", basi, halitaji tabia ya kitu. Lataja tu kwamba mwenye nacho hakihitaji tena. Na asichokihitaji mmoja, mara nyingi kilikuwa fungu la mwingine. Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kurudi kuokota masazo. Yalikuwa ya mjane na mgeni, na Ruthu aliishi kwa hayo. Je, kama siku ile Boazi angepata mnunuzi wa masazo?

Turudi Nundu, maana huku taka ya namna hiyo haipo. Nani kwetu aliyemwaga mafuta? Mama akaangaye maandazi na ndakala kando ya barabara huyatumia leo, kesho, na kesho kutwa. Huongezea kidogo juu ya yale ya zamani. Yakiwa meusi huyatumia bado, na mwisho humpa fundi wa sabuni. Hatupotezi. Lakini tuseme kweli: mafuta yaliyorudiwa hivyo hata yakatoa povu na moshi wa kukereketa koo hayafai tena kwa mwili, na wanaoyala ni watoto wa shule wenye franka chache asubuhi. Mama yule si mwovu. Akiyamwaga, faida yote ya juma imekwenda.

Basi fikirini kesi hii, kama tulivyofundishwa seminarini kuzifikiri. Mwenye mashine ya kusaga mihogo amjia mama yule, amwambia, "Mama, usiyatumie tena haya meusi. Niuzie mimi kila Jumamosi, nawe upate la kununulia mapya." Hapo nasema bila kusita: si halali tu, ni vizuri. Chakula kilichoharibika kimetolewa mezani, na unga wa kijiji umesagwa. Kule China, ambako mafuta machafu yalikuwa yakikusanywa mitaroni na kurudishwa jikoni kwa siri, kuyapeleka katika injini kulikuwa njia mojawapo ya kuwaokoa walaji.

Lakini kesi haijaisha. Bei gani? Mwenye mashine ajua bei ya mazutu. Mama ajua tu bei ya fundi wa sabuni. Akimlipa kama fundi wa sabuni na kunyamaza, yeye huvuna peke yake tofauti yote. Naona haki yadai amwambie mazutu anayoiokoa ni kiasi gani, ndipo wapatane. Wengine watasema biashara haina desturi hiyo. Najua. Na fundi wa sabuni je? Naye ana watoto. Hapo sina jibu jepesi, ila kwamba mafuta meusi yawe ya yule aliyekuwa akiyategemea kwanza, hata kipimo chake cha kawaida, na ziada tu iende mashineni.

Jambo la hatari zaidi ni la miezi inayofuata. Mashine ina njaa kuliko vikaango vyote vya Nundu. Mafuta meusi yakipungua, mwenye mashine atapeleka mkono kwenye bidoni ya mawese mapya, kwanza moja, siku mazutu haipo. Masoko yetu hayalishi wenyeji tu. Tangu mwaka 2015 wako ndugu zetu wa Burundi kambini Lusenda, nao wanunua mawese yaleyale. Bidoni kumi zikiondoka sokoni kila juma, bei hupanda kwa kila chungu, hata cha yule asiyejua kwamba kuna injini. Ndiyo maana napendekeza mpaka ulio wazi: mafuta yawezayo kuliwa yasiingie mashineni ila kwa haja ya uhai, kama ile ya hospitali, na wazee wa soko wajulishwe. Kijana mmoja aliniambia mpaka huo utavukwa usiku. Huenda. Lakini bidoni za mawese zikipakuliwa penye mashine asiyepika mtu, harufu yake haifichiki, na majirani wana pua.

Neno la mwisho ni juu ya ile njia ya dawa. Methanoli ni sumu. Hupofusha macho na kuua, nayo yafanana na maji na kunuka kama pombe. Soda kali huchoma ngozi. Visiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji, wala katika nyumba wanamolala watoto. Mwenye mashine wetu asiye na chumba chenye kufuli na aanze na ile njia ya kwanza, ya kuchuja na kupasha moto, tena katika mashine yake mwenyewe iliyozeeka, si katika motokaa aliyoazimwa.