Wimbo Uliotundikwa Shambani

Shamba la mpunga la mama mdogo liko Manda, karibu na pale Mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa. Mpunga ukianza kutoa masuke, ndege hushuka kwa makundi, naye hufunga kamba toka mti hadi mti na kutundika CD kuukuu. Upepo wa ziwani ukivuma, zinazunguka na kumulika huku na huku, ndege wanatawanyika. Safari hii nilizikuta tisa. Moja ilikuwa ya kwaya, niliyomnunulia mwenyewe stendi ya Makambako nikisubiri gari la Njombe.

“Mama mdogo, hii si ile kwaya yako?”

“Ndiyo, mwanangu. Deki ilikufa. Lakini wimbo si bado umo humo humo?”

Swali lile halijaniacha.

Wimbo kwenye CD ni mstari mmoja. Unaanzia karibu na tundu la katikati, unazunguka kuelekea nje, na ukinyooshwa unapita kilomita 5. Juu yake kuna vishimo ambavyo upana wake ni kama nusu ya elfu moja ya milimita. Leza inapitia mstari huo, na mwanga unaorudi ndio unaosomwa kuwa moja na sifuri. Kwa miaka mingi nilidhani kishimo ni moja na pasipo kishimo ni sifuri. Kumbe moja ni ukingo: pale kishimo kinapoanza na pale kinapokwisha. Katikati yake, na katikati ya uwanda baina ya vishimo, ni sifuri tupu. Kinachohesabika ni mahali mambo yanapobadilika.

Kiwandani nako kuna ukoo. Alama huchorwa kwanza kwenye kioo kwa leza, kisha kioo huvishwa nikeli, na nikeli hiyo ikibanduliwa huitwa baba. Baba huzaa mama, mama huzaa mihuri inayokandamiza plastiki ya moto, CD moja kwa sekunde chache. Baba ana vinundu penye vishimo, mama ana vishimo, mihuri ina vinundu tena. Hakuna hata mmoja katika ukoo huo aliyewahi kuimba, lakini umbo limerithiwa bila kupotea. Nikifikiri hivyo naona jinsi mambo mengi niliyoyapokea kwa wazee yalivyonifikia kwa mikono ambayo huenda haikuyaelewa, ila iliyashika sawasawa.

Sasa, umo au haumo? Rangi za upinde wa mvua zinazocheza juu ya CD zinatokana na mistari hiyo kukaribiana mno. Jua likipiga shambani, mwanga unarudi ukiwa umepita kwenye alama zilezile ambazo deki ingezigeuza sauti za kwaya. Ndege anasoma humo hatari. Mama mdogo angesikia humo sifa. Kwa hiyo siwezi kusema wimbo umekaa ndani ya plastiki kama mchele ndani ya debe. Humo mna tofauti zilizopangwa, zinazongoja wa kuzisoma, na kila msomaji anaondoka na lake.

Lakini hazingoji milele. Watu wengi huogopa kukwaruza upande unaong’aa, kumbe vishimo viko upande wa juu, chini tu ya picha, vimefunikwa kwa alumini na vanishi nyembamba. Upande wa chini una plastiki ya zaidi ya milimita moja, na data imetawanywa kwa hesabu maalumu hata mkwaruzo wa milimita 2 deki huuziba bila msikilizaji kujua. Juu hakuna ngao hiyo.

Niliifungua ile ya kwaya kwenye kamba, nikaiinua kuelekea juani. Picha ilikuwa imebanduka upande mmoja, na palipobanduka alumini nayo imeondoka. Nikaona ziwa kupitia humo. Mama mdogo akasogea, akatazama pamoja nami, kisha akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake, akaifunga ndani ya kanga.

“Ile kamba,” akaniambia, “itafutie nyingine.”