Sinema Mbovu Ina Kazi Yake

Ukiitazama Monster Dog kwa dakika chache tu, unajua kwamba fedha ziliisha mapema. Ukungu unatoka kwenye mashine, tena kwa fujo, hata pale ambapo hapana sababu yoyote ya kuwa na ukungu. Mbwa wanaodaiwa kula watu ni wale wa aina ya polisi, manyoya yao yanang'aa na sura zao ni za kushiba. Na dude lenyewe, huyo mtu-mbwamwitu tunayetishwa naye sinema nzima, likijitokeza ni kichwa cha mpira ambacho taya zake zinafunguka na kufungika kama pochi ya shangazi. Naipenda sinema hii, wala simwombi mtu radhi.

Ilipigwa Hispania, mwaka wake ni 1984. Mwongozaji ni Mwitaliano Claudio Fragasso, ila jina lililoandikwa ni Clyde Anderson, maana Waitaliano wa enzi hizo waliona jina la Kimarekani linauza zaidi. Nyota ni Alice Cooper, mwanamuziki wa roki, mwana wa mhubiri, ambaye jukwaani alikuwa na kawaida ya kujipaka wanja hadi mashavuni na kukatwa kichwa kwa gilotini ya maonyesho. Humu anaitwa Vincent Raven, mwimbaji maarufu anayerudi kwenye nyumba aliyokulia ili apige video ya wimbo. Yuko na mpenzi wake na kikundi cha wapiga picha. Njiani polisi wanawaonya juu ya mbwa wanaoua watu, na magari yakishaachana, wanaouawa kwanza ni polisi wenyewe. Usiku Vincent anasimulia kwamba baba yake aliuawa na wanakijiji walioamini anageuka mbwamwitu. Kisha wanatokea wanaume na bunduki zao, wana risasi za fedha, na wameshaamua kwamba mwana karithi ya baba. Hapo sinema inasahau kuwa ilikuwa ya mazimwi, inageuka ya makauboi. Nani hasa ni mbwamwitu, sisemi. Atakayevumilia mpaka mwisho anastahili kujua mwenyewe.

Watu wa rika langu tulioneshwa mtu akigeuka mnyama na Michael Jackson. Video ya wimbo wake Thriller ilitoka Desemba 1983. Aliyeiongoza ni John Landis, na aliyetengeneza yale manyoya, macho na meno ni Rick Baker. Wawili hao walikuwa wameshafanya An American Werewolf in London mwaka 1981, na Baker akapata Oscar kwa kazi hiyo. Humo mkono wa binadamu unarefuka mbele ya macho yako, taa zikiwaka, bila kivuli cha kuficha chochote. Baada ya hapo kila aliyetaka kutengeneza sinema ya mbwamwitu alikuwa na deni la kulipa. Monster Dog ikaja kulilipa kwa mpira na matumaini.

Mpwa wangu, kijana wa chuo aliyekuja kutusalimia, alikaa nami kuitazama akamaliza nusu saa bila kusema neno. Hatimaye akashindwa.

"Mjomba, samahani. Hii umeilipia?"

Nikamwambia atulie, kuna wimbo unakuja. Vijana wa sasa wamezoea sinema ambazo kompyuta imeshasafisha kila kitu, kiasi kwamba huoni mtu alipotokwa jasho. Mimi katika sinema mbovu ndipo ninapomwona mtu. Namwona fundi aliyekesha anabandika manyoya kwenye mpira. Namwona aliyepewa kazi ya kupuliza ukungu, na akaifanya kwa moyo wake wote. Hakuna anayekukonyeza kukuambia kwamba wanatania. Siku hizi kuna sinema zinazotengenezwa mbovu kwa makusudi ili watu wacheke, nazo hazinichekeshi hata kidogo. Utani ukishatangazwa mlangoni, ndani kunabaki nini?

Kuna jambo moja lilimfanya hata mpwa wangu akae wima. Alice Cooper, ambaye sauti yake ndiyo iliyomlisha maisha yote, katika sinema hii haongei kwa sauti yake. Kwa desturi ya Italia, maneno yaliingizwa studio baadaye, na maneno yake yakasemwa na mtu mwingine, ingawa Kiingereza ndiyo lugha aliyozaliwa nayo. Akiimba ni yeye. Akifunga wimbo na kufungua mdomo kumsemesha mpenzi wake, anatoka mtu mwingine kabisa.

Sisi hili halikutushangaza sana, kwa kuwa tulikulia kwenye vibanda vya video. Dar es Salaam tulikuwa na Lufufu, aliyemtilia kila mwigizaji wa dunia Kiswahili kinywani, awe Mchina, Mhindi au Mmarekani. Wakenya wana DJ Afro. Mtu kama huyo hatafsiri tu. Anamkemea jambazi, anamwonya msichana asiingie chumba kile, anamwongezea adui ukoo na madeni. Sinema mbovu mikononi mwake ilikuwa bora kuliko nzuri, kwa sababu ilimwachia nafasi. Nzuri imeshajaa, utaingiza nini? Nikiitazama Monster Dog leo bado namsikia mkalimani wa kufikirika akiwaambia wale mbwa waache kutikisa mikia, wako kazini.

Lakini sababu iliyonifanya niiandikie safu ni nyingine, nayo niliijua baadaye. Cooper alikuwa mlevi wa kupindukia. Kuna albamu zake za mwanzoni mwa miaka ya themanini ambazo yeye mwenyewe amekiri hakumbuki alivyozirekodi. Mwaka 1983 alilazwa hospitali, na alipotoka aliiacha pombe. Amewahi kueleza kwamba alikubali sinema hii ili ajaribu kama anaweza kufanya kazi bila kinywaji. Fikiria mtu aliyepanda jukwaani miaka na miaka akiwa amelewa. Hajui kama yule wanayemshangilia ni yeye au ni chupa. Ataanzia wapi kujua? Kwenye uwanja wenye maelfu ya watu? Alikwenda Hispania, kwenye ukungu wa mashine, kati ya mbwa walioshiba, akasema maneno ambayo hata sauti yake isingebaki humo.

Tangu nijue hivyo namtazama tofauti. Yumo, anasimama panapotakiwa, anashika bunduki kwa namna isiyomfaa, anakumbuka zamu yake. Anafanya kazi ya siku moja, kisha ya siku inayofuata. Usoni ana utulivu ambao wachambuzi wanaweza kuuita uigizaji mbovu, na mimi sitawabishia.

Tumebakiza mahali pachache pa namna hiyo, pa mtu kujaribu na kukosea bila kutazamwa. Fundi mwanafunzi zamani alichonga viti vibovu kwenye karakana ya bwana wake, vikachomwa kuni, hakuna aliyeviona. Mwimbaji wa taarabu alianza kwenye harusi za mtaani, ambako hata ukikosea ubeti watu wako kwenye pilau. Sasa binti anaimba mara ya kwanza maishani mwake, na kabla hajakaa chini simu tano zimeshamrusha, na asiyemjua ameshampa maksi. Tunamtaka kila mtu atokee akiwa ameshaiva.

Fragasso naye alipata yake. Aliongoza Troll 2, sinema ya mwaka 1990 isiyo na troli hata mmoja, ambayo watu wengi wanaiita mbovu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Mtoto aliyeigiza humo, Michael Stephenson, alipokua alitengeneza Best Worst Movie, filamu ya kumbukumbu juu ya mashabiki wa sinema hiyo. Humo tunamwona Fragasso kwenye ukumbi uliojaa, akishangaa kwamba watu wanacheka hata pasipochekesha. Yeye alikuwa amesema jambo la maana kuhusu familia! Nilicheka, kisha nikaona aibu kidogo, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu aliyealikwa karamu, akafika akagundua ndiye anayeliwa. Hata hivyo ukumbi ulikuwa umejaa, na waliokuwemo waliipenda kweli. Ni sinema ngapi za heshima za mwaka 1990 zinazojaza ukumbi leo?

Cooper alirudi mwaka 1986 na albamu Constrictor, akarudi na jukwaa, gilotini na wanja wake, safari hii akiwa hajalewa. Wimbo mmoja kwenye albamu ile ulitengenezewa sinema ya sita ya Friday the 13th, muuaji wa kinyago cha hoki amefufuliwa kwa radi. Nayo ni mbovu, ila bajeti yake ilikuwa kubwa zaidi, kwa hiyo haifurahishi kwa kiwango kile.