Mkuyu wa Bakuli na Mninga wa Kibondo

Kila mwisho wa mwaka wazee wa usharika hukaa na daftari la washarika na kulipitia jina kwa jina. Huyu yupo, huyu amehamia Dar es Salaam, huyu tulimzika. Kisha yanafikiwa majina yanayotutia kigugumizi. Mtu alibatizwa kwetu, akapata kipaimara kwetu, lakini huu ni mwaka wa tatu haonekani mezani pa Bwana, wala bahasha yake ya ahadi haijaguswa. Tufanye nini na jina hilo? Linaonekana kuwa swali la utawala tu, lakini ndani yake kuna swali la imani: tunajuaje kwamba mtu anakua, na tunajuaje kwamba amekufa?

Miti imenisaidia kulitafakari swali hili. Wanaonifahamu wanajua kwamba ninapenda miti midogo inayokuzwa kwenye mabakuli, ile ambayo Wajapani huiita bonsai, yaani kilichopandwa katika chombo chenye kina kifupi. Huu si mti wa aina ya pekee, wala hauna mbegu ya vibeti. Ni mti wa kawaida kabisa uliofanywa uwe mdogo. Hukatwa mizizi kila baada ya miaka michache, hupunguzwa matawi kwa mkasi, na hufungwa waya ili ukae mkao anaoutaka mwenye nyumba.

Miti yangu ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa mikuyu miwili. Niliitoa ikiwa michanga kwenye ufa wa ukuta huko Kibondo mwaka 2010, mahali ambapo ndege walidondosha mbegu. Mwaka huohuo nilipanda nyuma ya nyumba mbegu za mninga nilizookota porini, zile zenye ganda la mviringo na miiba katikati. Zikaota tatu. Hivyo nikawa na miti ya namna mbili chini ya uangalizi mmoja, na kwa miaka sita niliilinganisha.

Mikuyu ilipendeza mapema. Kufikia mwaka wa tatu ilikuwa na shina nene na majani madogo, na kila mgeni aliyeketi barazani aliisifu. Mininga haikusifiwa na mtu. Masika ilitoa chipukizi lenye majani machache, na kiangazi kilipokolea chipukizi likakauka mpaka chini. Mwaka uliofuata ikawa vilevile, na mwingine tena. Jirani yangu hakuchoka kunipa taarifa kila Julai: "Mchungaji, miti yako imekufa tena."

Lakini haikuwa imekufa. Ndivyo mninga ulivyoumbwa. Miaka yake ya mwanzo huitumia kujenga mzizi. Chipukizi hufa kila kiangazi, na mzizi unazidi kunenepa chini ya udongo. Hali hiyo huweza kuendelea miaka mingi, hata kumi na zaidi, mpaka mzizi uwe na akiba ya kutosha kuinua shina ambalo halitarudi chini tena. Katika mapori yetu ya miombo, ambako moto hupita karibu kila kiangazi, huo ndio usalama wake. Moto huchoma kilicho juu, lakini kinachoushikilia mti kiko chini.

Mwaka 2016 nilihamishiwa Kasulu. Mabakuli nilikuja nayo kwenye gari. Mininga ilibaki, kwa maana mti wenye mzizi hauhamishwi pamoja na mchungaji. Nilipopita Kibondo mwaka 2022, mmoja kati ya ile mitatu ulikuwa umewazidi kimo watu wawili waliosimamiana mabegani. Hakuna aliyekuwa akiumwagilia.

Hapo ndipo tofauti inaponigusa kama mchungaji. Mti wa bakuli ni mzuri kwa sababu mtu yupo. Bakuli halina akiba ya maji, na siku chache za Agosti bila kumwagiliwa zinatosha kuumaliza. Sisi nasi tunaweza kulea imani ya namna hiyo. Kijana wa kipaimara anaikariri Katekisimo Ndogo bila kukosea neno, anaimba kwaya, anasimama wima mbele ya Askofu, na wote tunafurahi. Kisha anakwenda mjini kusoma au kutafuta kazi, ambako hakuna mwalimu wa kumwita wala mama wa kumwamsha Jumapili, na kabla ya mwaka kuisha amekauka. Tulimpa umbo zuri, lakini je, tulimpa udongo?

Nisieleweke kwamba ninabeza malezi. Bwana mwenyewe, katika Yohana 15, anasema Baba husafisha matawi, na msafishaji hushika chombo chenye makali. Pia kuna uvumilivu katika kazi ya bakuli unaotufundisha. Huko Marekani, mjini Washington, upo msonobari mmoja uliolelewa kwenye chombo tangu mwaka 1625. Ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na familia ya Yamaki, ambayo nayo ilinusurika, iliutoa zawadi kwa Wamarekani mwaka 1976. Karibu miaka 400 daima kumekuwa na mtu wa kuumwagilia. Hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini katika Yohana 15 tawi hukatwa ili lizae zaidi, wakati mti wa bakuli hukatwa ili usizidi hapo ulipo. Mkasi unaweza kuwa uleule, ila makusudi ni mawili. Kila mzazi, kila mzee wa kanisa na kila mchungaji ajiulize: ninapomkata huyu neno, ninapomnyima nafasi, ninapomwongoza kwa ukali, ninataka azae, au ninataka apendeze barazani kwangu?

Habari njema ni kwamba mti wa bakuli haujapoteza asili yake. Mwaka 2018 niliutoa mkuyu mmoja na kuupanda ardhini hapa Kasulu, mbali na kuta. Leo umepita paa la nyumba. Aliyezoea kuwekwa mdogo bado anaweza kukua akipewa ardhi.

Turudi kwenye daftari. Si kila kijiti kikavu ni mninga. Vingine vimekufa kweli, na kwa kutazama tu huwezi kujua. Katika Luka 13 mwenye shamba la mizabibu ametafuta matunda kwenye mtini miaka mitatu asipate, naye anaagiza ukatwe. Mtunza shamba habishani naye kwamba mti una afya. Hadai kujua. Anaomba mwaka mmoja zaidi, na anaahidi kazi: ataupalilia na kuutilia mbolea. Nadhani hapo ndipo kikao cha wazee kinapopata maswali yake. Badala ya kuuliza tu kama huyu bado yu hai, tuulize ni nani kati yetu amekwenda kwake na jembe. Nani amebisha hodi? Nani ameketi naye bila kutaja ahadi? Asiyepalilia hana haki ya kupendekeza shoka.

Ninamkumbuka mama mmoja aliyeonekana kwa msimu na kupotea kwa msimu, na jina lake likajadiliwa zaidi ya mara moja. Mzee mmoja wa mtaa aliendelea kumtembelea tu, mwaka hata mwaka. Leo ukiugua usiku katika mtaa ule, mama huyo ndiye anayekuja kukesha nawe.

Na wewe unayesoma haya ukiwa katika kiangazi chako, sala zimekauka na wimbo hautoki: Luther anatufundisha katika Katekisimo Ndogo kwamba ubatizo maana yake ni utu wa kale kufa kila siku na mtu mpya kufufuka kila siku. Kwa hiyo kufa kwa chipukizi si habari ngeni kwa Mkristo. Mzizi wako hukuupanda wewe. Ulipandwa siku ulipobatizwa, na aliyeupanda hahamishwi. Usijing'oe. Mvua zitarudi.