Kutibu na Kufundisha

Kijana amalizapo Kidato cha Sita, ukoo mzima huwa na la kusema. Huko Kasense, Sumbawanga, kama kwingineko nchini, wazazi waliouza ng'ombe na mahindi ili mtoto asome hutaka awe daktari, ama basi mwalimu. Akisema ataka shahada ya afya ya jamii, apate kutunza afya na kufundisha pia, huulizwa: “Ndiyo kazi gani hiyo? Utamdunga nani sindano?” Swali hili si la kuchekwa. Wazazi wametoa jasho lao, na ajira haina hakika. Kijana anayewajibu kwa dharau hajawa tayari kumfundisha mtu yeyote.

Lakini kazi hizo mbili hazikuunganishwa juzi. Adrian Atiman alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani. Mapadre Weupe wakamkomboa, na Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawa tabibu na katekista huko hata alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Dr. Atiman mjini Sumbawanga yachukua jina lake. Tena mwaka 1973, katika kampeni ya “Mtu ni Afya”, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo.

Hata hivyo kazi hii ina hatari yake, nayo ni ya dhamiri. Mgonjwa humwendea tabibu kwa hiari yake. Mwalimu wa afya huingia nyumbani mwa watu ambao hawakumwita, akawaambia jinsi ya kupika, kunywa na kujisaidia. Ni rahisi kumwambia mama achemshe maji. Kuni atazileta nani? Na kama bomba ni kavu, naye huyafuata maji mbali, mtoto mgongoni, basi somo hilo lamwongezea lawama juu ya mzigo. Twaona kwamba mwalimu huyo ana deni la pili: kuwapasha wenye mamlaka yale aliyoyaona nyumbani humo, hata kama hawapendi kuyasikia.

Tabibu aweza kusema: nilimtibu, akaugua tena. Mwalimu naye: niliwaambia, hawakusikia. Mwenye kushika kazi zote mbili hana pa kukimbilia. Aliyemfundisha jana ndiye amkutaye leo akiharisha, yampasa kumpeleka zahanati (wala asijifanye daktari!), kisha ajiulize kama somo lake lilifaa.

Kwa hiyo, wazazi wapendwa, msiulize kwanza habari za koti jeupe. Mwulizeni kijana kama aweza kuketi jikoni kwa mama asiyejua kusoma, akamsikiliza mpaka amalize, kabla ya kufungua daftari. Mwulizeni pia kama chuo chake chatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na kama wanafunzi wake hupelekwa vijijini kwa mazoezi, ama huishia darasani.