Kitabu Kisichofunguliwa

Novemba 2025, nyumba ya mnada ya Heritage ya Dallas iliuza nakala ya komiki ya Superman namba 1 kwa dola milioni 9.12. Ndugu watatu wa California waliikuta darini kwa marehemu mama yao, ndani ya boksi, chini ya magazeti ya zamani. Ilipotoka mwaka 1939 bei yake ilikuwa senti 10, na watoto waliinunua waisome. Aliyeinunua sasa haisomi. Imefungiwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye alama ya 9.0, na siku atakapolivunja kasha hilo afunue ukurasa wa kwanza, cheti chake kinabatilika papo hapo, na kila alama ya kidole inaweza kumpunguzia bei.

Kitu kilichotengenezwa kwa kazi fulani, kikalindwa mpaka kisiweze tena kuifanya kazi hiyo, tumekitunza au tumekidhulumu? Kwangu hili ni swali la dini. Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Columbus, Ohio, Mwislamu, na kabatini mwangu ninayo makasha ya namna hiyo. Ninaloliangalia zaidi lina Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966, komiki aliyotokea kwa mara ya kwanza Black Panther, mfalme wa Kiafrika asiyemwinamia mtu. Sijawahi kuligusa jani lake hata moja. Nilizoea kusoma jarida la katuni la Sani, nikiwafuata Madenge na Ndumilakuwili kwenye nakala iliyopita mikono ya mtaa mzima, isiyo tena na jalada.

Kwa asiyeijua biashara hii, mhimili wake ni kampuni ya CGC ya Florida, iliyoanza mwaka 2000. Unawapelekea komiki yako, wapimaji wanatazama mgongo, kona, pini kama zimeshika kutu na karatasi kama bado ni nyeupe, kisha wanaipa alama kati ya 0.5 na 10. Aliyeipaka rangi kufunika mchubuko anaumbuka: lebo inatoka buluu inakuwa zambarau, na bei inaporomoka. Hapo nawaunga mkono kwa moyo wote. Kuficha aibu ya bidhaa ni haramu sokoni, na kitu kikongwe kina haki ya kuonekana na umri wake. Tatizo langu linaanzia juu kabisa, kwenye 9.4, 9.6 na 9.8. Huko tofauti ni nukta ambayo jicho langu halioni, na watu wanaikopea fedha. Nakala ya Amazing Fantasy namba 15 ya 1962, komiki iliyomleta Spider-Man, iliuzwa dola milioni 3.6 mwaka 2021 kwa sababu ilikuwa 9.6 na hakuna aliyekuwa na ya juu zaidi. Mnunuzi wa namna hiyo ananunua nafasi ya kuwa juu ya wenzake. Sura ya Al-Humaza, inayomwonya anayekusanya mali na kuihesabu, naisoma kwa hofu zaidi tangu nilipojiunga na wakusanyaji hawa.

Lakini siwezi kuwahukumu wote, na sababu ni Edgar Church. Huyu alikuwa mchoraji wa matangazo huko Colorado. Alinunua komiki mpya kwa miaka mingi, akazipanga marundo kwa marundo ndani ya nyumba, katika hewa kavu na ya baridi ya jimbo lile. Mwaka 1977 muuzaji kijana, Chuck Rozanski, alizinunua kutoka kwa familia yake: zaidi ya 18,000, karatasi bado nyeupe, rangi bado kali. Kumbuka karatasi yenyewe ilikuwa ya gazeti, ya massa ya mti, yenye asidi inayoigeuza njano na kuivunjavunja. Kumbuka pia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto wa Marekani walihimizwa kukusanya karatasi kwa ajili ya vita, na komiki zao nyingi zikaenda huko. Tunazijua rangi halisi za komiki za miaka ya 1940, namna wino ulivyokaa juu ya karatasi, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Naye alipokuwa akizipanga, soko la komiki kuukuu lenye kumtamanisha halikuwapo.

Basi kuna utunzaji usiongoja bei. Na ule unaongoja je?

Nililipeleka swali kwa shekhe wetu hapa Columbus baada ya sala ya Ijumaa, nikiuliza kama makasha yangu yana zaka.

"Ulipoyanunua, ndugu yangu, ulikuwa unataka nini?"

"Kuwa nayo, shekhe."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi kila mwezi naangalia bei yake."

Alinyamaza, kisha akanieleza. Mali iliyonunuliwa kwa nia ya kuuza ni bidhaa, na mwaka ukitimia inatolewa asilimia 2.5 ya thamani yake. Iliyonunuliwa ili ikae na mtu haina zaka. Nia inayogeuka katikati ya safari, wanazuoni wametofautiana. "Mimi sikuoni moyoni," akasema. "Wewe unajiona."

Jambo hili limenikalia. Kasha ni lilelile, kabati ni lilelile, na hukumu yake inategemea kile ninachokisema moyoni ninapolitazama. Mwenzangu mmoja anaona hayo ni mambo ya wanasheria. Mimi naona hapo ndipo penye ukweli wote.

Kuna deni jingine ambalo zaka haiwezi kulifuta. Saa mbili na kidogo kwa gari kaskazini ya hapa ni Cleveland, ambako Jerry Siegel na Joe Shuster walimbuni Superman wakiwa vijana. Mwaka 1938 waliuza haki zote za shujaa wao kwa dola 130. Mwaka 1975, baada ya kelele za umma, ndipo kampuni iliyokuwa ikimmiliki Superman ilipokubali kuwalipa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kuyarudisha majina yao kwenye komiki. Kila mnada unaovunja rekodi unanikumbusha hesabu hiyo. Mamilioni yote yanapita kati ya watu ambao hawakuchora hata mstari.

Katika mtaa wa Glenville, hukohuko Cleveland, mahali ilipokuwa nyumba ya akina Shuster, kumewekwa uzio wenye kurasa za hadithi ya kwanza ya Superman, kutoka Action Comics namba 1, zilizokuzwa juu ya mabamba. Mvua inazinyeshea. Anayepita anazisoma bure. Niliposimama pale niliona kazi ya Siegel na Shuster ikifanya kile ilichoumbiwa, bila alama yoyote juu yake.

Kwa hiyo naamini kutunza komiki bila kuifungua ni halali na ni jema pale mtunzaji anapojiona mlinzi wa mali ya wengine, na ni ulimbikizaji pale anapoishia kwake mwenyewe. Mwaka 2018 mkusanyaji Stephen Geppi aliikabidhi Maktaba ya Bunge la Marekani zaidi ya vitu 3,000 vya mkusanyiko wake. Mimi sina maelfu. Zaka ya makasha yangu nimeamua kuitoa, kwa kuwa moyo wangu naujua. Na katika wasia nimeandika kwamba Fantastic Four ile iende maktaba ya umma, pamoja na ruhusa ya kulivunja kasha.