Kazi ya Kutunza Maji na Udongo: Je, Yafaa Kuchaguliwa?



Huko Kakanda kijana akimaliza shule, wazazi humwambia: «Tafuta kazi mgodini, ndiko kwenye mshahara.» Hawasemi vibaya, shaba na kobalti zimelisha nyumba nyingi. Lakini wako vijana wanaotaka kujifunza elimu ya maji na udongo, ili watengeneze palipoharibiwa. Je, wanapoteza masomo yao?

Kwanza, tutazame haja. Mawe yakisha kusagwa na shaba kutolewa, hubaki matope yenye madini, nayo huwekwa katika mabwawa. Mwaka 2023 bwawa la namna hiyo lilifurika huko Kakanda, hata serikali ikasimamisha kazi za mgodi. Mto ukichafuka, huumia zaidi yule asiye na kisima.

Pili, tutazame matunda. Huko Lubumbashi, kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza mwaka 1911 kiliangusha vumbi la madini juu ya mtaa wa Penga Penga, ardhi ikabaki uchi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walichanganya udongo ule na chokaa na mboji, wakapanda majani yanayostahimili shaba, yakaota. Majani hayo hayaiondoi sumu; huishika isipeperushwe na upepo wala kuchukuliwa na mvua. Ni kazi ya miaka mingi, nayo yataka saburi.

Tatu, liko jaribu. Mara nyingi mwenye kupima maji hulipwa na yule yule anayeyachafua. Huenda siku moja ataambiwa: «Punguza hesabu hii kidogo.» Akikubali, hakuiba fedha ya mtu, lakini mama atekaye maji mtoni atawanywesha watoto wake sumu, akiamini kwamba ni salama. Kipimo cha uongo ni ushuhuda wa uongo.

Mtu atasema: «Akikataa, atafukuzwa, watoto wake watakula nini?» Swali hilo ni la haki. Kwa hiyo mzigo huu si wake peke yake. Kijiji kinachotaka shahidi wa kweli hakina budi kusimama pamoja naye, kuuliza vipimo mbele ya watu wote, na kutomcheka kwa kuwa mshahara wake ni mdogo.

Basi, kazi hiyo yafaa sana. Lakini thamani yake haimo katika cheti, imo katika ukweli wa yule anayeifanya.

Fikirini: Je, sisi tungemsaidiaje mtu aliyepoteza kazi kwa kusema kweli juu ya maji yetu?