Ulimwengu Ni Nani?

Ndugu zangu wa Vårby gård, nyinyi mnaorudi usiku na treni ya Norsborg mikono ikinuka sabuni ya kazi, msiniambie falsafa ni ya wenye digrii!

Henry Odera Oruka alisoma falsafa Uppsala, hapa hapa Sweden, chini ya Ingemar Hedenius, profesa aliyebishana na wanateolojia magazetini mpaka mjadala ukafika mezani kwa watu. Mkenya yule aliporudi Nairobi aliwaendea wazee wa vijijini, akawauliza juu ya Mungu, haki na kifo. Akaona wapo wa aina mbili: anayeihifadhi hekima ya kwao na kuirudia, na anayeipandisha kizimbani aihoji. Huyu wa pili ndiye mwanafalsafa, hata kama hajui kusoma.

Sisi tu wapi? Tu warudiaji!

Januari 2018, nje ya kituo chetu, mtu wa miaka sitini na kitu aliokota kitu chini. Lilikuwa guruneti. Likamuua. Na kila yakitokea ya namna hii, kila kijana akikamatwa, sisi twatoa ile ile: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Twatikisa vichwa, twamimina chai.

Haya, ihoji! Mama wa kijana huyo ametoka alfajiri kufagia ofisi za mjini. Huo ulimwengu ni nani hapa? Ni yule aliyempa mtoto viatu vipya na kifurushi cha kubeba, ndiyo. Lakini pia ni mimi niliyempita kituoni mara mia nisimwulize hali, na wewe uliyevuka upande wa pili. Methali imembebesha mama mzigo wote, sisi ikatuacha safi. Naikataa!

Msiseme hatuna pa kukaa tukahoji pamoja. Oscar Olsson alianzisha duru za kujisomea kule Lund mwaka 1902, watu wa kawaida, kitabu na mazungumzo. Nyerere naye alivutiwa na vyuo vya wananchi vya huku, na mwaka 1975 Tanzania ikaanza kuwa na vyake. Baraza tulizaliwa nalo, jamani. Tumelifanya la mpira na umbea tu.

Watu watatu wanatosha kuanza. Jumamosi, nguo zikiwa bado mashineni kwenye chumba cha kufulia, njooni na methali moja ambayo hamjapata kuihoji. Na vijana waje, waanze wao kusema.